Wanajeshi wetu wa Tanzania nchini Uganda 1979–1981: walipaswa kubaki au kuondoka?

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, bila jazba. Kampala imeanguka Aprili 11, 1979. Amin kakimbia, polisi hakuna, hazina tupu. Vijana wetu wakabaki hadi 1981. Ukishamng'oa mtu kwenye nchi yake, una wajibu gani wa kuijenga? Mimi naona Mwalimu alikaa muda wa kutosha kulaumiwa, ila haukutosha kujenga chochote.

MwanaKyaka: Tujenge kwa hela gani? Amin alipotuvamia 1978 daraja letu la Kyaka lililipuliwa, ng'ombe wa Kagera walisombwa, watu waliuawa. Tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18. Halafu eti tukajenge kwa jirani! Tulifanya hisani, basi.

Muganda wa Masaka: Hisani, ssebo? Masaka mliigeuza kifusi kulipiza Kagera, na mji ulishakuwa mikononi mwenu. Duka la babu yangu lilibaki ngazi za mbele tu. Na yale makochi na redio zilizovuka mpaka pale Mutukula mbona hamzitaji?

MwanaKyaka: Makochi tena! Kampala ilipoanguka nani alivunja maduka? Wenyeji walibeba hadi makabati ya ofisi. Msitubambikie.

Kapuku Msomi: Mzee wangu alirudi na malaria na saa ya mkononi. Kochi angelibeba vipi, kichwani?

Muganda wa Masaka: Saa ya nani?

Kapuku Msomi: Haya, umeanza.

Muganda wa Masaka: Nimeuliza tu. Saa ina mwenyewe.

Kisiki cha Mpingo: Jamani, mada! Lule alitoka Mkutano wa Moshi wa Waganda waliokuwa uhamishoni, akawa rais, akadumu siku 68. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na Tume ya Kijeshi ya kina Muwanga huku jeshi letu likitazama. Desemba uchaguzi, Obote huyo tena kwenye urais. Bunduki za kuamua tulikuwa nazo, tukajifanya wageni waalikwa.

Dada Wakili: Mngeamua mngeitwa wakoloni. Kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshukia Mwalimu kwa kuingia tu, sembuse kuchagua rais! Tena kuna njia mbaya zaidi. Bremer, msimamizi wa Wamarekani kule Iraq, Mei 2003, alivunja jeshi zima kwa amri moja, watu wakarudi nyumbani na bunduki bila mshahara. Matokeo mliyaona. Polisi na mishahara kwanza, lami baadaye.

Mzee wa Arua: Niseme ya kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jeshi la Tanzania tuliliogopa mno, maana Amin alikuwa wa kwetu. Wakaja, tukasalimiana Kiswahili, tukakaa. Waliotumaliza ni UNLA, hilo jeshi jipya la Uganda mlilolifundisha. Watanzania walipoondoka 1981, Juni hiyohiyo watu waliokimbilia misheni ya Ombachi wakapigwa risasi mlemle. Kosa lenu kwangu ni kuondoka.

Muganda wa Masaka: Kwenu malaika, kwetu baruti.

Mzee wa Arua: Sijasema malaika, kijana. Nimesema walikuwa na adabu kuliko hao mliowapa bunduki nyinyi.

Muganda wa Masaka: "Nyinyi" akina nani? Mimi Muganda, Obote alinipa nini mimi?

Kisiki cha Mpingo: Hapo kwenye UNLA ndipo penyewe. Ndani yake kulikuwa na Kikosi Maalum, wapiganaji wa Obote, na FRONASA, wapiganaji wa Museveni, kila mmoja anaandikisha watu wake, sisi tunawafundisha wote kulenga shabaha. Nani alikuwa anawafundisha kutompiga raia?

MwanaKyaka: Mnataka tufundishe na tabia? Nani anakumbuka foleni za duka la kaya, kipande cha sabuni, unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano? Hiyo ndiyo bei ya Kampala, tuliilipa sisi.

Dada Wakili: Usisingizie vita kila kitu. Mafuta yalipanda dunia nzima mwaka huohuo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, na mashirika yetu ya umma yalikuwa ya hovyo hata kabla ya Amin kuvuka mpaka.

MwanaKyaka: Ya hovyo? Mama yangu kastaafia shirika la umma, ametusomesha sote. Taja moja.

Dada Wakili: Nianze na lipi?

Kapuku Msomi: Anza na la bia. Kreti moja mpaka umjue mtu.

Mzee wa Arua: Na sisi huku tulikuwa tunasubiri polisi.

MwanaKyaka: Mzee, subiri kidogo. Dada, nimesema taja.