Mrejesho: mota ya ndege ya sola nimeipima

Wakuu, niliuliza kwa nini mota ya kindege changu cha sola inachemka mpaka haishikiki, ilhali seli za kwenye bawa zinaleta umeme. Wengi mkasema pima chini kwanza, usirushe. Nimepima.

Nimeifunga kwenye ubao wenye bawaba unaokandamiza mizani ya jikoni, wati nazisoma kwenye mita. Propela ya zamani ilikula wati 60 kwa msukumo wa gramu 380. Nikaweka mota inayozunguka taratibu na propela pana: msukumo uleule, wati 38! Ikizunguka robo saa ni vuguvugu tu.

Aliyenitajia Solar Impulse 2 abarikiwe. Ile ndege ya Uswisi ilikuwa na mota nne, kila moja nguvu za farasi 17 hivi, na propela za mita 4 zinazozunguka polepole. Kilichoikwamisha Hawaii mwaka 2015 si mota, ni betri zilizopata joto kupita kiasi. Ikaruka tena Aprili 2016. Kwa hiyo kasha la betri nalo nimelitoboa mbele na nyuma hewa ipite.

Seli zenyewe zikiungua na jua la saa saba mchana, zinashuka hadi wati 60 badala ya 80 zilizoandikwa. Karatasi ya muuzaji ni ya kusomea tu.

Bado kipimo cha mwendo, maana msukumo wa mezani si wa angani. Jumamosi alfajiri, upepo ukiwa umelala, naifunga juu ya pikapu ya shemeji.