Naomba ushauri: matembezi mepesi ya mama mwenye magoti, Tanga

Wakuu, habari za leo. Mama yangu magoti yanamsumbua, ila kushinda ndani hataki kabisa. Natafuta njia ya kando ya mto au msituni, isiyo na vilima.

Tuko Chumbageni. Amboni ni karibu, lakini mapangoni hapana, kuna sehemu mpaka uiname. Je, kando ya Mto Mkulumuzi kunapitika bila kuingia pangoni?

Moyo wangu hasa uko kwenye msitu wa hifadhi wa Amani, pale Sigi, kivuli tupu na maji yanapita. Ila mvua ikinyesha njia zinateleza kama sabuni. Gari dogo linafika kutoka Muheza? Na waongoza wageni wanamvumilia bibi anayesimama kila mti kuuliza ni dawa ya nini?