Mchezaji kupita timu 13 NBA: ni sifa au ni aibu?

Kiraka

Wakuu, salaam. Kuna kauli inaniudhi kila ninapoisikia, kwamba mchezaji wa kikapu aliyepita timu nyingi ni mchezaji asiyetakiwa. Mfano wanaopenda kuutoa ni Ish Smith, yule pointi gadi (mpanga mchezo) mfupi mwenye mbio. Drafti ya 2010, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ilimruka kabisa, hakuna timu iliyomchagua. Akaanzia Houston, na alipofika Denver alikuwa amevaa jezi za timu 13 tofauti, rekodi ya NBA. Rekodi ya zamani ilikuwa timu 12, na walikuwa nayo watu wanne: Chucky Brown, Tony Massenburg, Jim Jackson na Joe Smith. Hapo Denver akabeba na pete ya ubingwa ya 2023.

Mimi nasema huyu amefanikiwa kuliko wengi tunaowaimba. Mtu asiyetakiwa hapigiwi simu na timu 13. Karibuni, ila tuheshimiane.

Mlinzi wa Kati

Mkuu, usitupambie. Timu ikikupenda inakubakiza. Udonis Haslem alikaa Miami misimu 20, huyo ndiye mtu aliyethaminiwa. Smith alikuwa anafungasha mabegi karibu kila msimu. Na hiyo pete aliipata akisugua benchi, kazi ilifanywa na nyota wa Denver, Jokić na Murray. Tofauti yake na Thabeet ni ndogo sana: Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City, kote anapita tu.

Mrefu Kidogo

> Mlinzi wa Kati amesema: Tofauti yake na Thabeet ni ndogo sana

Hapo umenigusa pabaya. Hasheem Thabeet si jiwe la kumrushia mtu ukitaka kumdhalilisha. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alianza kushika mpira akiwa kijana mkubwa tayari, wakati wenzake Marekani wanaanza wakiwa watoto wadogo, na bado akawa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, miaka miwili mfululizo, akaifikisha Connecticut, chuo chake, kwenye nne bora ya vyuo 2009. Wewe unayemcheka, umemtazama hata mechi moja akiwa chuo?

Mlinzi wa Kati

Nimemtazama, ndiyo maana nasema. Alichaguliwa wa pili drafti ya 2009, mbele ya Harden na mbele ya Curry aliyechukuliwa wa sita. Msimu wa kwanza haujaisha Memphis wakampeleka ligi ya chini, Dakota. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu hivyo akashushwa huko kabla yake. Heshima ya kuwa wa kwanza kutoka nyumbani nampa. Uwanjani simpi.

Daftari

Curry alikuwa wa saba. Wa sita alikuwa Jonny Flynn, alichukuliwa na Minnesota. Na wa tano, Ricky Rubio, alichukuliwa na Minnesota haohao. Pointi gadi wawili mfululizo, na Curry anawapita. Kwa hiyo ukitaka wa kulaumiwa drafti ile, foleni ni ndefu na Memphis hawako peke yao.

Halafu kuna jambo hamjalitaja wote wawili. Mnawalinganisha Smith na Thabeet, kumbe waliwahi kubadilishwa katika dili moja. Februari 2011, Memphis waliwapeleka Houston Thabeet, DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakapokea Shane Battier na Ish Smith. Yaani mtu ambaye drafti ilimruka alivuka barabara ileile aliyoivuka chaguo la pili, akienda upande wa pili, miezi michache tu baada ya kuingia ligi.

Mrefu Kidogo

Dili ile ilikuwa ya Battier. Smith alikuwa mzigo wa kujazia mizani, ili mishahara ya pande mbili ikaribiane. Msije mkasema Memphis walimtoa Hasheem wakachukua Smith.

Mlinzi wa Kati

Basi umenisaidia, Mrefu. Kiraka anatuambia Smith "alipigiwa simu" na timu 13. Nyingine hazikumpigia, alikuja kama mzigo wa kujazia mizani.

Kocha Mstaafu

Vijana, mnaongea kana kwamba mchezaji ndiye anayeamua abaki au aondoke. Ngoja nieleze soko lilivyo, maana nimekaa na vijana waliopitia haya.

Timu 30, kila moja nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Hizo ni nafasi 450 dunia nzima. Wale nane au tisa wa kwanza wa kila timu wana uhakika wao. Vita iko kwenye nafasi ya 10 hadi ya 15, na huko mkataba mara nyingi haujadhaminiwa: ikifika tarehe 10 Januari, mshahara wa msimu mzima unakuwa wa lazima, kwa hiyo siku chache kabla ya hapo watu wanatemwa hata kama hawajakosea lolote. Tarehe 5 Januari unafunguliwa mlango wa mikataba ya siku 10. Timu inaweza kukupa miwili ya aina hiyo; baada ya hapo ama ikusajili hadi mwisho wa msimu ama ikuache. Kijana anaishi hotelini na begi moja, anajifunza mbinu za kocha mpya kwa siku mbili, ya tatu anaingizwa uwanjani dakika nne, na kwa dakika hizo nne anahukumiwa.

Sasa mtu akidumu humo misimu 14, kama Smith kuanzia 2010 hadi 2024, maana yake ana kitu. Chake kilikuwa kasi. Ukimwingiza wakati nyota amepumzika, mchezo haulali. Makocha wanalipenda hilo kuliko mnavyodhani, ila hakuna kocha anayejenga timu juu yake.

Na tazameni Philadelphia. Walimaliza naye msimu wa 2014/15, wakamwacha aende. Desemba 2015 wakatoa machaguo mawili ya raundi ya pili ili New Orleans wawarudishie mtu yuleyule. Washington nao walimchukua mara mbili. Charlotte, mji wake wa kuzaliwa, mara mbili. Mtu unayemwona hafai humrudii ukiwa unamjua.

Mlinzi wa Kati

> Kocha Mstaafu amesema: mnaongea kana kwamba mchezaji ndiye anayeamua

Mzee, shikamoo, lakini sikupenda unavyotuita "vijana" kana kwamba hatujui kitu. Najua mikataba ya siku 10 ni nini. Hoja yangu ni heshima, siyo karatasi.

Kocha Mstaafu

Marahaba. Sikuwa na nia ya kukushusha. Lakini Philadelphia umeiruka.

Dada Ribaundi

Nyote mnahesabu pete na timu, hakuna aliyemtaja mke na watoto. Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, baba anapata taarifa asubuhi na jioni yuko kwenye ndege. Mama anabaki na nyumba ya kupanga ambayo mkataba wake haujaisha, na watoto waliozoea shule juzi tu. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu Smith kuliko Haslem, samahani kwa watu wa Miami. Haslem alizaliwa Miami akacheza Miami. Hilo ni jema, lakini ni rahisi zaidi.

Mvua ya Tatu

Dada, RAHISI? Haslem naye drafti ilimruka, 2002! Akaenda Ufaransa kucheza kwanza, ndipo Miami wakamchukua. Ana pete tatu. Hayo maneno yafute.

Dada Ribaundi

Siyafuti. Sijasema kucheza kwake kulikuwa rahisi. Nimesema kulea familia mahali pamoja ni rahisi kuliko kuilea ndani ya mabegi. Soma tena taratibu, kaka.

Daftari

Turudi kwa Minnesota kidogo, kwa sababu jina la Joe Smith limepita hapo juu na hakuna aliyelisimamisha. Huyu ndiye anayevunja hoja kwamba kuzunguka ni dalili ya mtu wa hovyo. Alikuwa chaguo la KWANZA la 1995, Golden State. Kevin Garnett alikuwa wa tano mwaka huohuo. Baadaye wakakutana Minnesota, na hapo viongozi wa timu wakafanya naye makubaliano ya siri: acheze kwa mshahara mdogo mkataba baada ya mkataba, kisha alipwe donge nono mbele ya safari. Ligi ikagundua mwaka 2000. Kamishna wa ligi, David Stern, akawafutia machaguo matano ya raundi ya kwanza, ingawa baadhi walirudishiwa baadaye, na faini ya dola milioni 3.5. Smith mwenyewe mkataba ukabatilishwa, akaenda Detroit msimu mmoja, akarudi Minnesota.

Timu 12 zile, mkizihesabu, kumbukeni kwamba nyingine zilitokana na maamuzi ya ofisi, si uchezaji wake.

Mrefu Kidogo

Umeona! Na Hasheem ni vilevile. Memphis walikuwa na Marc Gasol katikati. Unamchukuaje kijana wa sentimita 221 anayehitaji dakika ili akue, halafu unamweka nyuma ya Gasol? Angeangukia timu yenye nafasi, leo tungeongea mengine.

Mvua ya Tatu

Gasol mwenyewe alichaguliwa wa 48 mwaka 2007. Hakupewa nafasi kwa upendeleo. Kama Thabeet angekuwa bora, angempita.

Mrefu Kidogo

Gasol alilelewa na klabu za Hispania, alikuja NBA akiwa mchezaji aliyeiva. Unalinganisha mti na mche.

Mlinzi wa Kati

Na dili ile ya Battier ikaonyesha nani alikuwa na akili. Miezi miwili baadaye Memphis, wakiwa wa nane, wakawatoa San Antonio walioongoza kanda ya Magharibi, na mechi ya kwanza Battier ndiye aliyetupia ile ya pointi tatu mwishoni. Thabeet Houston alicheza mechi za kuhesabu kwa vidole.

Kiraka

Wakuu, swali lilikuwa Ish Smith.

Dada Ribaundi

Mimi nataka tumweke na P.J. Tucker humu. Toronto walimchagua 2006 wakamtema. Akaenda Israel, Ukraine, Ugiriki, Italia, Ujerumani. Akarudi NBA 2012 na Phoenix, na 2021 akabeba ubingwa na Milwaukee. Kwa nini timu za nje hamzihesabu? Uwanja wa Ugiriki una kelele kuliko viwanja vingi vya Marekani.

Mvua ya Tatu

Tukihesabu za nje rekodi haitakuwa ya Smith tena, kuna watu wana timu 20. Na Thabeet tumwongezee Japani na Taiwan.

Mrefu Kidogo

Muongezeeni. Kule Yokohama alicheza baada ya wengi kumzika. Mtu wa kukata tamaa hafanyi hivyo.

Mlinzi wa Kati

Kiraka, nakuuliza swali moja na ulijibu bila kuzunguka. Kati ya hizo 13, nitajie timu moja iliyomshikilia.

Kiraka

Detroit. Misimu mitatu, 2016 hadi 2019. Dola milioni 18.

Mlinzi wa Kati

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Ulipoisha, wakamwacha. Umenijibu mwenyewe.

Kiraka

Hapana. Wakati anasaini ule alikuwa ameshapita timu tisa. Kwa hesabu yako, mtu aliyekataliwa mara tisa asingepewa miaka mitatu na timu ya kumi. Na Washington wakampa miaka miwili mara tu alipotoka Detroit. Suala la Philadelphia kutoa machaguo mawili ili wamrudishe, ulilolikwepa mbele ya Kocha, bado liko mezani.

Mlinzi wa Kati

Philadelphia ile ilimaliza msimu na ushindi 10. Timu iliyozama hushika chochote.

Kocha Mstaafu

Kabla hajafika walikuwa wameshinda mechi moja tu. Tisa zilizobaki zilikuja yeye akiwapo.

Mrefu Kidogo

Mlinzi, ukimaliza na Kocha urudi kwangu. Sijajibiwa ni nani Memphis aliyepanga kumweka Hasheem nyuma ya Gasol.