Mwanangu kwotabeki, vyuo viwili vinamtaka: niangalie nini, na hizi sheria zinamlinda kweli?

Mama Baraka

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Niko Ohio. Kijana wangu anamaliza sekondari na anacheza kwotabeki, yule anayerusha pasi. Mpira huu wa Kimarekani mimi nimeujulia ukubwani, kwetu Tanga ni Wagosi wa Kaya tu. Sasa vyuo viwili vimemtaka. Kimoja ni kikubwa cha daraja la juu, kila Jumamosi uwanja unafurika, ila makwotabeki tayari wako wanne. Cha pili ni cha daraja la FCS, hatua moja chini ya hilo, mji mdogo, lakini kocha anasema akijituma anaweza kuanza mwaka wa pili. Vyote vinatoa ufadhili kamili.

Baba yake ameshaamua moyoni: kikubwa. Mimi hofu yangu iko kwingine. Msimu uliopita jitu moja lilimwangukia mpira ukiwa umeshatoka mkononi. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, adhabu ya yadi 15, jukwaa zima likashangilia. Mwanangu bado yuko chini anashika mbavu. Hizo yadi 15 anazila yeye?

Naomba mnaoujua mchezo mnisaidie. Huko vyuoni sheria zinamlinda kiasi gani? Na hawa maskauti wanapompima kwotabeki wa chuo wanaangalia nini hasa, ili nijue ni chuo kipi kitamkuza? Matusi sihitaji, nimefunga.

Kipanga wa Columbus

Marahaba Mama Baraka.

Nianze na sheria. Karibu kila moja ina mtu aliyeumia nyuma yake. Januari 2006, Carson Palmer wa Cincinnati, hapo hapo Ohio kwenu, alirusha pasi yake ya kwanza katika mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh, Kimo von Oelhoffen akamwingia gotini. Kano zikachanika. NFL, ligi ya kulipwa, ikakaza sheria ya kumpiga mrushaji magotini. Septemba 2008, mechi ya kwanza ya msimu, Tom Brady akapigwa goti na Bernard Pollard, aliyekuwa ameshaanguka na akajivuta kutoka pale chini. Msimu wa Brady ukaishia hapo, na 2009 wakafafanua kwamba aliyeko chini haruhusiwi kujirusha kwenye miguu ya mrushaji. Oktoba 2017 ikawa zamu ya Aaron Rodgers: Anthony Barr wa Minnesota akamwangukia, mtulinga ukavunjika. Mwaka 2018 waamuzi wakaagizwa kuwa wakali kwa yeyote anayemlalia kwotabeki kwa uzito wa mwili mzima.

Vyuoni wana adhabu moja inayouma kuliko yadi. Tangu 2013 ukimlenga kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga, na marudio ya video yakathibitisha, unatolewa mchezoni. Kwotabeki anayerusha anahesabiwa miongoni mwa hao wasioweza kujikinga. Kwa hilo vyuo ni vikali kuliko NFL.

Chizi Soka

Angecheza soka tu mama. Mtu akikugusa unajiangusha mwenyewe, unalia, unapewa penalti, unarudi nyumbani na mbavu zako zote.

Beki Mstaafu

Dada, lile jitu ni mimi. Yaani si mimi niliyemwangukia Baraka, lakini nimecheza safu ya mbele ya ulinzi katika chuo kidogo huko Iowa na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo.

Nikueleze upande wetu. Tunafundishwa kuweka kichwa pembeni, bega kwenye mbavu, kumkumbatia, kisha kujiviringisha naye ili usimlalie. Kusema ni rahisi. Una kilo 125, umemzunguka mlinzi wa kwotabeki aliyekuwa anakuvuta jezi, na mpira unatoka ukiwa umeshanyanyua mguu. Mwaka 2018 William Hayes wa Miami alichana goti lake mwenyewe akijaribu kutomwangukia Derek Carr. Na Oktoba 2022 Grady Jarrett wa Atlanta alimwangusha Brady kwa namna ambayo mpaka leo sioni kosa lilikuwa wapi, kitambaa kikarushwa. Kwa hiyo usidhani mwamuzi anaona kila kitu sawasawa, wala usidhani kila kitambaa ni ushahidi wa ukatili.

Ila kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Ulinzi mkubwa ni wa kwotabeki aliyesimama katikati ya walinzi wake, wale watano wa mbele wanaomkinga. NFL, akitoka pale akawa anakimbia huku anatafuta wa kumrushia, anapoteza ulinzi wa magoti na ile sheria ya kuturuhusu hatua moja tu baada ya mpira kutoka. Akishaamua kukimbia na mpira, ni mkimbiaji kama wengine na tunamwangusha kama wengine. Anachobaki nacho ni kujitelezesha chini, miguu mbele.

Muulize kijana: anajua kuteleza? Sio kuanguka, kuteleza. Wengi wanachelewa, wanataka yadi mbili zaidi, na beki ameshajirusha. Hata ukiwahi hakuna hakikisho. Desemba 2024 Trevor Lawrence wa Jacksonville aliteleza, Azeez Al-Shaair wa Houston akamgonga kichwani kwa mkono. Al-Shaair akafungiwa mechi tatu. Lawrence alitolewa uwanjani kwa gari.

Mchungulia Takwimu

Hapo kwenye kuteleza kuna kisa lazima nikitie. Desemba 2021, fainali ya ACC, moja ya ligi za vyuo, Kenny Pickett wa chuo cha Pittsburgh anakimbia na mpira dhidi ya Wake Forest, akaanza kama anateleza. Mabeki wakasimama kwa kuogopa adhabu. Jamaa akanyanyuka akaendelea hadi tachidauni, yaani bao, ya yadi 58! Siku chache tu baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaagiza kwamba ukiigiza kuteleza, mpira umekufa pale pale.

Na Pickett huyo ananifikisha kwenye swali lako la pili, Mama Baraka. Alipofika kwenye upimaji wa drafti ya 2022, ambapo timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo, gumzo likawa kiganja chake: inchi 8 na nusu, wakati wengi wanataka kuanzia 9. Akachaguliwa wa 20, kwotabeki pekee katika raundi ya kwanza mwaka ule. Aliyechaguliwa wa mwisho kabisa, nambari 262, alikuwa Brock Purdy wa Iowa State. Purdy ndiye aliyeanza Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2024 akiwa na San Francisco. Kiganja kina maana yake, hasa kwenye baridi na mvua, lakini sijawahi kuona kiganja kikisoma safu ya ulinzi.

Na San Francisco hao hao mwaka 2021 walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate Trey Lance nafasi ya 3. Lance alikuwa na msimu mmoja tu kamili, 2019 pale North Dakota State, tachidauni 28 za pasi bila mpira wake kunaswa na wapinzani hata mara moja. Karatasi ya kupendeza. Akaanza mechi nne kisha akauzwa Dallas. Upande wa pili weka Josh Allen, aliyetoka Wyoming na pasi asilimia 56 tu zikifika, wachambuzi wakamcheka. Ndiye mchezaji bora wa NFL wa 2024.

Kwa hiyo nikipewa video ya kijana wa chuo, naruka pasi nzuri zote. Natafuta zile ambazo walinzi wamevunjika na mtu yuko usoni kwake. Macho yanabaki mbele au yanashuka kumtazama anayekuja? Miguu inapanda mbele hatua moja, au anageuka kukimbia kinyumenyume? Anaachia mpira, au anaukumbatia akiomba miujiza? Zach Wilson mwaka 2020 pale chuo cha BYU alikuwa na walinzi wazuri mno, muda wa kurusha ulikuwa tele, akachaguliwa wa 2 na New York Jets. Huko hakuna aliyempa muda ule na mambo yakamshinda.

Kuangushwa na mpira mkononi watu wanawalaumu walinzi peke yao. Mimi nalaumu kote kote. Caleb Williams aliangushwa mara 68 mwaka wake wa kwanza Chicago, 2024. Walinzi walikuwa hovyo, ndiyo, lakini hata alipokuwa chuoni USC alishazoea kukaa na mpira muda mrefu. Chicago wakaleta kocha mpya na walinzi watatu wapya wa katikati, na msimu uliofuata idadi ikaporomoka. Tabia hiyo kijana anakuja nayo kutoka chuoni, ndiyo maana maskauti wanahesabu: akibanwa mara ngapi, anaangushwa mara ngapi.

Tahadhari moja ukisoma takwimu zake. Vyuoni, yadi anazopoteza akiangushwa zinakatwa kwenye mbio zake. NFL zinakatwa kwenye pasi za timu. Utaona kijana ana mbio za yadi 40 msimu mzima ukamwona kilema, kumbe alikimbia vizuri na walinzi wake ndio waliomla.

Mjomba wa San Antonio

Hujambo mama. Mimi ni Mkenya, niko Texas, na hapa mjini kwetu Cam Ward alianzia Incarnate Word, chuo cha FCS. Shule yake ya sekondari ilikuwa inakimbiza mpira tu, hawarushi, kwa hiyo vyuo vikubwa vikampita. Akacheza hapa, akahamia Washington State, kisha chuo cha Miami, na 2025 akawa chaguo la kwanza la drafti nzima. Carson Wentz naye alitoka FCS akachaguliwa wa 2 mwaka 2016.

Siku hizi kuhama ni rahisi. Tangu 2024 mwanafunzi mwenye alama nzuri anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu. Kwa hiyo mwambie mzee wake kwamba chuo kidogo hakimfungii mlango. Akicheza vizuri, hao wakubwa watamtafuta wenyewe. Akikaa benchi miaka miwili kwa wakubwa, nani atajua kama anaweza?

Kipanga wa Columbus

Mjomba nakubali nusu. Joe Burrow alikaa benchi hapa Ohio State, akahamia LSU, 2019 akarusha tachidauni 60 na kuchaguliwa wa kwanza. Benchi nalo lina shule yake, ukiwa na kocha anayefundisha.

Mjomba wa San Antonio

Burrow ni mmoja. Waliokaa benchi wakasahaulika hapo hapo kwenu, wataje basi.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mama Baraka mimi ni nesi, mpira siujui kama hawa. Nakuomba jambo moja ukitembelea hivyo vyuo: uliza nani ana kauli ya mwisho mtoto akipigwa kichwa. Septemba 2022 Tua Tagovailoa wa Miami alipepesuka uwanjani kwenye mechi na Buffalo, akarudishwa kucheza. Siku nne baadaye dhidi ya Cincinnati akatolewa kwa machela. Ndipo Oktoba ile NFL ikaweka kwamba mchezaji akionekana kukosa mwendo au kuongea ovyo, harudi siku hiyo. Kwa vyuo vya daraja la kwanza, FCS ikiwemo, kanuni zinasema daktari na watu wa afya ndio wanaoamua, kocha hana mamlaka ya kuwapinga. Sasa usimuulize kocha kama wanaifuata. Waulize wachezaji, kocha akiwa hayupo.

Vilevile tangu Agosti 2024 vyuo hivyo vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Omba wakupe kwa maandishi. Bili za hospitali za hapa unazijua.

Mama Baraka

Mungu awabariki jamani, mmenifungua macho.

Nimemuuliza habari ya kuteleza. Kasema hajawahi kufundishwa, anajiangusha tu. Jana nikamwambia aniwekee mechi moja nzima, sio vile vipande vyake vya kujisifia. Tukakaa mimi, yeye na baba yake. Mchungulia, nimefanya kama ulivyosema, nikaruka pasi nzuri. Kila akibanwa anageuka kulia na kukimbia. Kila mara! Mara mbili alifika pembeni akarusha vizuri, mara nyingine zote aliangushwa au alitupa mpira nje. Baba yake akanyamaza kimya, maana yeye ndiye msifiaji mkuu.

Beki Mstaafu

Kulia kila mara? Basi hata mimi niliyestaafu nimeshajua pa kumsubiri, na kocha wa ulinzi wa chuo atajua kabla ya chai ya asubuhi.

Lakini hilo linatibika, ana miaka 17 tu. Afundishwe kupanda mbele katikati ya walinzi badala ya kugeuka. Na kuteleza afanye mazoezi kwenye nyasi zilizolowa, kama vijana wa besiboli.

Kuhusu vyuo: mkienda kutembelea, msikae na kocha wa makwotabeki peke yake, huyo kazi yake ni kuwabembeleza. Omba kuonana na kocha wa walinzi wa mbele. Muulize kati ya wale watano wangapi wanabaki msimu wa kijana wako kuanza, na makwotabeki wao waliangushwa mara ngapi msimu uliopita. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu. Mimi ningempeleka FCS kama wale watano wako imara, na ningeenda kikubwa kama FCS hawana mtu wa kumkinga. Ukubwa wa uwanja ningeuweka mwisho kabisa.

Mchungulia Takwimu

Naunga mkono. Ongeza swali moja: mfumo wao ukoje? Vyuoni walinzi wanaruhusiwa kwenda hadi yadi tatu mbele wakati wa pasi, NFL ni yadi moja. Kuna vyuo vinaishi kwa mwanya huo: mabeki wanadhani mpira unakimbizwa, kwotabeki anaangalia beki mmoja tu, anarusha haraka, takwimu zinang'aa, na miaka minne inapita hajajifunza kusoma uwanja mzima. Waombe wakuonyeshe mechi nzima ya msimu uliopita. Wakikupa ile ya dakika tatu yenye muziki, warudishie.

Mama Baraka

Nimeandika yote kwenye daftari. Ijumaa tunaanza na kile kidogo. Baba yake anaendesha, maswali nauliza mimi.