Wakuu, neno moja kwenye karatasi linaninyima usingizi

Kisiki_Kikavu: Habari za jioni wakuu. Mwezi wa tatu niliandika karatasi mbele ya mjumbe: "Nimemuuzia shemeji pikipiki kwa shilingi 1,900,000." Namdai hela, naye ananidai mimi! Eti nilimsaidia kuuza pikipiki yake, nimkabidhi mauzo. Nirekebisheje sentensi bila ugomvi?

Mwalimu_Mstaafu: Kauli ya kutendea hiyo. "Nimemuuzia" ni yeye kanunua, au nimeuza kwa niaba yake. Ungeandika: "Muuzaji ni mimi. Mnunuzi ni fulani. Hela bado hajanipa." Basi.

Dereva_Usiku: Mama mkwe aliniagiza mbuzi, nikapanda basi na beberu toka Chalinze. Kumbe alitaka wa kukunia nazi. Beberu likatafuna kanga mbili kambani. Mpaka leo shikamoo yangu inaitikiwa kwa mguno.

Bi_Mkunazi: Kadi ya pikipiki ina jina la nani?

Kisiki_Kikavu: Dada, swali langu ni la lugha.

Bi_Mkunazi: Jina la nani?

Kisiki_Kikavu: La shemeji. Nilikuwa na deni, watu wa mikopo wangeibeba. Ila hela ya kuinunua ilitoka mfukoni kwangu. Sasa baada ya neno "pikipiki" pana kinafasi, "yangu" inaenea. Kalamu ninayo ileile. Hapo nimeghushi nini, wakati ndiyo maana niliyoikusudia?

Mja_wa_Mola: Umewaficha wadai wako, leo unalia umefichwa wewe. Tubu kwanza.

Chatu: Hii chai. Swali la mtihani kabisa: "Toa maana mbili za sentensi." Picha ya karatasi iko wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Nimetunga maswali ya utata miaka mingi. La pikipiki sijawahi.

Dereva_Usiku: Chatu, chai ya kunywa au ya uongo? Fafanua, tusije tukafika kwa mjumbe.

Kisiki_Kikavu: Chai gani, na pikipiki iko chumbani kwangu hapa, nimeifunika shuka?

Bi_Mkunazi: Kumbe! Ndiyo maana mwenzio anajua imeuzwa.

Kisiki_Kikavu: Nimpe kabla hajalipa?

Bi_Mkunazi: Na hiyo "yangu" ushaiandika?

Kisiki_Kikavu: Nimefika "ya", wino ukakata.

Mwalimu_Mstaafu: Ishia hapohapo. Akiipata shemeji, ataimalizia "ke".