Tupeane uzoefu: mwaka wa mbio umekwisha, miguu inapumzikaje sikukuu hizi?

Mwanzilishi, Ntinda

Ndugu wakimbiaji, poleni na pilikapilika za kufunga mwaka. Kwa sisi tunaokimbia kwa ajili ya afya na kujifurahisha, bila medali wala mkataba, mwaka wa Uganda una mpangilio wake: Aprili barabara za Kampala hujaa fulana za mbio za kuadhimisha kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, Agosti huja mbio za Rotary za kuchangia vita dhidi ya saratani, wenye moyo huenda Kasese kukimbia chini ya Milima ya Rwenzori, na Novemba marathoni ya Kampala hufunga hesabu. Kisha, kabla misuli haijatulia, Desemba inabisha hodi na safari za kijijini, kwanjula (sherehe za kutambulishana kwa wakwe), harusi na muchomo, nyama ya kuchoma, wa kila jioni. Naomba tupeane uzoefu: umefungaje mwaka, mwili umeponaje, na sikukuu hizi unakimbia au unakaa? Ushauri wa vitabuni tunao wa kutosha, semeni yaliyowapata.

Naanza mimi. Nilikimbia kilomita 21 mwezi wa Novemba, na kilichoniumiza hakikuwa milima bali miteremko. Mji wetu wa Kampala umekaa juu ya vilima, na ulichokipanda lazima ukishuke. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa, na hapo ndipo nyuzi zake hupata majeraha madogo madogo. Ndiyo maana Jumapili ile nilitembea vizuri kabisa, nikala, nikajisifu, lakini Jumanne nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume, mkono mmoja kwenye reli na mwingine ukutani, huku mlinzi akiniuliza kwa upole kama aniitie boda. Maumivu ya aina hiyo hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka yenyewe. Sikumeza ibuprofeni, kwa sababu dawa hiyo huzielemea figo, hasa za mtu aliyepungukiwa maji. Nilitembea jioni, nikalala mapema, na raba zikakaa uvunguni hadi nilipoanza kuzitamani. Hamu hiyo ndiyo kipimo changu cha kupona, na ninaiamini kuliko saa yoyote ya mkononi.

Mwalimu, Busia

Mwaka wangu ulikatwa na malaria mwezi wa Oktoba, na mbio za Novemba niliziona kwenye televisheni. Dawa ya mseto ya siku tatu niliimaliza, homa ikaondoka, lakini pumzi haikurudi siku hiyo hiyo. Jambo hili wakimbiaji wengi hawaelezwi: vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli, kwa hiyo mtu ambaye kipimo chake hakionyeshi tena vimelea anaweza kuhema kwenye mwinuko mdogo tu kwa wiki kadhaa, mpaka mwili utengeneze damu nyingine. Muuguzi alinipima wingi wa damu kabla ya kuniruhusu hata kukimbia polepole, na namshukuru kwa ukali wake.

Kwa hiyo Novemba yote nilikuwa mtu wa kutembea. Jioni nilipita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, mwanangu mbele kwa baiskeli akigeuka kila mara kuniuliza kwa nini niko nyuma, na madereva wanaonifahamu wakinipa pole kana kwamba nimefiwa. Nyumbani mke wangu alinilisha dodo (mchicha), maharagwe, mukene (dagaa) na maini mpaka nikazoea. Desemba nimeanza kuchanganya, dakika chache za kukimbia na chache za kutembea, alfajiri, kabla vumbi la kiangazi halijaamka pamoja na magari. Sikukuu nabaki hapa hapa, na sina mpango wa kufidia kilomita zilizopotea. Sijui tabia hii ya kulipa deni la mbio ilitoka wapi. Mwili haukudai chochote.

Hajati, Bombo

Mwalimu, pole sana, na Mungu akuongezee afya. Mimi naomba kupingana nanyi kidogo, maana mnazungumza kama vile Desemba ni mwezi wa kupumzika kwa kila mtu. Ramadhani siku hizi inaangukia mwanzoni mwa mwaka, na mwezi huo mimi hutembea tu kabla ya futari, basi. Hivyo mapumziko yangu yako mbele, na Desemba ndiyo ninapojenga. Tuko kundi la akina mama, tunaondoka pamoja baada ya sala ya alfajiri kukishaanza kupambazuka, kwa sababu giza la barabara kuu si rafiki wa mwanamke aliye peke yake. Tunakimbia na hijabu zetu na suruali pana, na watoto waliofunga shule hutufuata hadi wachoke.

Kwa upande wa maumivu, mwaka huu kisigino ndicho kilichonisumbua: hatua za kwanza asubuhi, nikishuka kitandani, zilikuwa kama kukanyaga msumari. Tabibu alinieleza kuwa ni utando ulio chini ya unyayo, akanifundisha kunyoosha vigimbi na kuviringisha chupa ya maji ya barafu chini ya mguu. Vilevile nilibadilisha raba. Za dukani siziwezi, hivyo nilikwenda soko la Owino, Kampala, na kwa yeyote anayenunua mitumba nasema hivi: usitazame rangi. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba pale kisigino kinapokaa. Ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi ubavuni, sponji imeshakufa. Kisha weka kiatu mezani, ukitazame kwa nyuma kwenye usawa wa macho. Kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikikanyagia upande huo, na wewe utarithi ulemavu wake. Muuzaji alinuna nilipokuwa nikipanga jozi zake mezani moja moja, lakini nilipata iliyosimama wima.

Fundi, Jinja

Mimi kwa ufupi. Boda ilipanda njia ya waenda kwa miguu, nikaruka, kifundo cha mguu kikateguka. Kilichonisaidia baada ya uvimbe kuisha ni kusimama kwa mguu mmoja kila ninapopiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye nimeyafumba. Mke wangu bado anacheka, lakini mguu umekuwa imara.

Afande, likizoni Kapchorwa

Salamu kutoka nyumbani, huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hapa mkimbiaji wa kujifurahisha hupata adabu mapema, kwa sababu barabara hizi hizi ndizo za akina Joshua Cheptegei, ambaye mwaka 2020 huko Valencia alimaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, yaani kila kilomita kwa takriban dakika mbili na sekunde 37, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki jijini Paris. Mimi kasi hiyo siiwezi hata mita 400. Lakini vijana wa mazoezini wana siku zao za kwenda polepole kabisa, wakipiga soga, na siku hizo mtu kama mimi huweza kuwafuata kwa muda kabla hawajapotea kwenye kona. Anayekimbia kila siku kwa kasi ya mashindano, nadhani anajionyesha tu.

Sikukuu nimejiwekea utaratibu mwepesi. Asubuhi nakimbia kidogo, mchana nasaidia shambani, na jioni siwakwepi ndugu zangu wakiketi kuzunguka chungu cha pombe na mirija yao. Ndugu nawaona mara chache kwa mwaka, na mbio ziko kila siku.

Mwanzilishi, Ntinda

Hajati, nimekubali, kalenda yangu ilikuwa ya Kampala mno. Afande, baadhi yetu tunafikiria kupanda huko Januari kabla ya kurudi kazini. Mtu wa Kampala ajiandae vipi?

Afande, likizoni Kapchorwa

Karibuni sana. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na hapa mmeongeza mamia ya mita, kwa hiyo siku za mwanzo pumzi itakatika kwenye kasi mnayoiona ya kawaida. Pimeni kwa mazungumzo, asiyeweza kumaliza sentensi apunguze. Njooni na sweta, kwa kuwa asubuhi ni baridi, na jua likishatoka huunguza kuliko mnavyotarajia. Wewe mwenye mapaja ya Jumanne, mkienda upande wa maporomoko ya Sipi mtakuwa mnateremka, basi usiende kwa mguu siku ya kwanza. Anza kwa kupanda, urudi kwa gari.