Masaji ya vifaa vya mbao: je, yanaondoa tumbo linalobaki baada ya kujifungua?

Mama Amani, Bukavu
Salaam. Saluni moja hapa Ibanda inatoa masaji ya maderoterapia, yaani mwili hukandwa kwa mpini wenye mifereji unaofanana na ule wa kusukumia chapati, kikombe cha mbao na ubao uliopinda. Nimeambiwa kwamba mafuta ya tumbo yatapondwa, kisha yatoke kwa njia ya mkojo. Nilijifungua kwa upasuaji miezi sita iliyopita, na mguu wangu mmoja una mishipa iliyovimba na kujipinda. Naomba ushauri.

Fizio wa Goma
Mama Amani, hongera kwa mtoto. Mimi ni fiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi. Mafuta hayapondwi kwa mbao wala hayatoki kwa mkojo; mwili huyatumia pale tu nguvu unazotumia zinapozidi zile zinazotokana na chakula. Kinachosogea ni maji yaliyotuama chini ya ngozi, na ndiyo maana futi ya fundi huonyesha kiuno kimepungua jioni ile, kisha kikarudi kama kilivyokuwa. Mguu huo usikandwe kabisa, kwa sababu damu ikiwa imeganda ndani ya mshipa, bonge lake linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Ukiuma, ukawa na joto au ukavimba ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu tumbo, jipime hivi: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu ya kitovu. Vikizama katikati, misuli ya tumbo imeachana, na hapo mbao haina kazi.

Mkandaji, Lubumbashi
Nafanya kazi hii, na ninakubaliana na Fizio. Mteja hupata utulivu, na ngozi huonekana laini kwa muda. Zaidi ya hapo siahidi. Wapo wanaodai nikaze mkono hadi wapate madoa ya zambarau, wakiamini mafuta yanayeyuka, kumbe ni vishipa vidogo vya damu vilivyopasuka. Mkandaji asiyekuuliza kuhusu mimba, moyo, figo au dawa za kuzuia damu kuganda, mkimbie. Tazama pia mbao zake, kwani zenye nyufa hubeba uchafu wa mteja aliyetangulia.

Mama Amani, Bukavu
Asanteni sana. Vidole vitatu vimezama. Nianzie wapi?

Fizio wa Goma
Mwone kwanza daktari aliyekupasua, akague kovu. Akikuruhusu, anza kwa kuvuta tumbo ndani taratibu unapotoa pumzi, ukiwa umelala. Mazoezi ya kuinuka kiwiliwili kizima yaache kwa sasa, maana yanaweza kuzidisha huo mwachano.